Onyesha njia

Kwako rafiki yangu wa dhati,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na vitabu vyako vya sheria. Mimi ni mzima, masomo yanasonga, na mwaka huu wa tatu wa hisabati na kompyuta umenibana hadi barua yako imekaa mezani wiki tatu bila jibu. Uniwie radhi. Shughuli zilichangia, ila kilichonichelewesha hasa ni sentensi yako moja iliyonikaa kooni. Uliandika kwamba siku hizi mashine zinajibu kila swali, kwa hiyo huoni kwa nini mtoto aendelee kuteswa na hesabu. Siku ileile nilishika kalamu nikujibu, nikaona ninaandika kwa hasira, nikaiweka chini.

Nianze na mdogo wangu wa mwisho. Jioni moja aliniletea daftari lake, amejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Yaani 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu alishaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na yeye alitaka tu nimpe jibu aandike chini yake alale. Kidogo nimwambie atafute asili moja, kama tulivyofundishwa sisi. Badala yake nikamuuliza, "Umefikaje hapa?"

Akanieleza bila kusita. "Nikipiga penalti mbili nikafunga moja, halafu nikapiga tatu nikafunga moja, jumla si nimepiga tano nimefunga mbili?"

Nilinyamaza. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa! Ilikuwa inajibu swali jingine, basi. Yeye alichukua mafungu mawili ya ukubwa tofauti akayachanganya, wakati daftari lilimuuliza kuhusu vipande viwili vya kitu kimoja. Tukachora ukanda, tukaugawa sehemu sita zilizo sawa, akapaka rangi tatu kwa ajili ya nusu na mbili kwa ajili ya theluthi. Alipohesabu tano ya sita, akarudi mwenyewe kwenye jibu lake la kwanza, akalitazama, akasema kwa mshangao, "Lakini mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Nimeongeza, halafu ikapungua!"

Rafiki yangu, mashine ingempa tano ya sita kabla hajamaliza kuuliza. Angeandika, angelala, na lile wazo lake zuri la penalti lingebaki limefukiwa pamoja na kosa lake. Wino mwekundu ulimwambia kwamba amekosea. Haukumwambia wapi, wala haukujua kwamba ndani ya kosa hilo mlikuwa na fikra ya mtu mwenye akili timamu.

Unakumbuka agizo lile la juu ya karatasi za mtihani, "Onyesha njia"? Tulilichukia. Tulidhani ni mtego wa kuwanasa walionakili kwa jirani. Leo nikiulizwa shule ilinipa nini, nitasema ilinipa maneno hayo mawili, ingawa ilinipa bila kunieleza maana yake.

Maana yake niliipata kwa Al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye jina lake ndilo lililotupa neno algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufikia jibu. Wewe mwanasheria utafurahi kujua kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu mirathi: nani anarithi kiasi gani marehemu akiacha wosia na deni na watoto kadhaa. Aljebra ilikuzwa na watu waliotaka kugawana mali kwa haki. Sasa tazama alivyofanya. Anatoa tatizo: mraba wa namba, ukiongeza mara kumi ya namba hiyo, unapata 39. Sisi tunaandika x² + 10x = 39. Jibu ni 3, na angeweza kuishia hapo. Lakini anachora. Chora mraba ambao ubavu wake huujui. Ile kumi igawe nusu kwa nusu, ubandike mstatili wenye upana wa 5 kulia kwa mraba na mwingine chini yake. Kwenye kona linabaki pengo la 5 kwa 5. Lizibe, yaani umeongeza 25. Basi 39 na 25 ni 64, nao ni mraba mkubwa wenye ubavu wa 8. Ondoa 5 uliyobandika, inabaki 3.

Uchore kweli, usisome tu. Ukishaona lile pengo la kona likizibwa, hutamhitaji Al-Khwarizmi tena, wala mimi, wala mwalimu yeyote. Jibu limekuwa lako, na mtu akija na jibu jingine una pa kusimama. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuelezwa na kujua.

Nisikufiche, na mimi nimewahi kuiruka njia. Muhula uliopita tulipewa zoezi la kuandika programu ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki, kwa njia ya Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambayo ina zaidi ya miaka 2,000. Nilikuwa nimechoka, nikaiomba akili mnemba iniandikie. Ikaandika mistari michache, safi, ikafaulu majaribio yote. Mhadhiri aliposoma hakuuliza kama ni yangu. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mzunguko, ule unaoiambia kompyuta irudie hatua, akauliza, "Unajuaje kwamba hii haitazunguka milele?" Sikuwa na neno. Nilisimama pale mbele ya kazi yenye jina langu kama mtu aliyeshikwa na barua asiyoweza kuisoma.

Usiku huo nilikaa na penseli. 252 ukigawa kwa 105, baki ni 42. 105 kwa 42, baki 21. 42 kwa 21, baki sifuri, basi kigawo ni 21. Nikarudia kwa namba nyingine, na nyingine, mpaka nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: kila baki ni dogo kuliko lililotangulia, na hakuna baki lililo chini ya sifuri. Ngazi inayoshuka kwa hatua kamili lazima ifike chini. Ndiyo sababu inasimama, na hakuna idadi ya majaribio ambayo ingenipa uhakika huo. Na si kwamba mhadhiri angeweza kutafuta programu ya kumkagulia kila kitu. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba haiwezekani kuwa na programu moja itakayopokea programu yoyote na data yake, ikasema kila mara bila kukosea kama itasimama au la. Lazima pawe na mtu wa kutoa sababu.

Akili mnemba sijaiacha. Naandika uthibitisho wangu kwanza, kisha naiambia itafute tundu. Mara nyingine inalipata kweli, nami nashukuru. Mara nyingine inabuni tundu ambalo halipo, na inalieleza kwa lugha ya kujiamini ileile. Kutofautisha hayo mawili kunanihitaji niijue hesabu. Anayeitumia ili aiepuke hesabu hana cha kutofautishia.

Mpaka hapa utasema haya ni mambo ya darasani. Laiti yangekuwa hivyo.

Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani ya kumaliza shule kwa sababu ya UVIKO-19. Kwa England, madaraja yakatolewa kwa kanuni ya kompyuta iliyotazama, pamoja na mambo mengine, jinsi shule ya mwanafunzi ilivyofanya miaka ya nyuma. Matokeo ya A-level yalipotoka mwezi Agosti, karibu asilimia 40 ya madaraja yalikuwa chini ya yale walimu waliyokadiria. Fikiria msichana hodari katika shule ambayo haijawahi kutoa daraja la juu. Kanuni haikumwona yeye, iliwaona waliomtangulia. Wanafunzi waliingia barabarani, na siku chache baadaye serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu. Kinachoniuma ni kwamba waliounda kanuni hiyo walijua hesabu kuliko mimi, na kwa jumla ya nchi nzima namba zao zilipendeza. Lakini mtoto mmoja akiuliza "nimefikaje kwenye daraja hili?", jibu la kweli lilikuwa kwamba kwa sehemu kubwa daraja lake lilitokana na waliomtangulia, si kazi ya mikono yake peke yake.

Na lile la pili ni la fani yako kabisa. Kwa nini hukuwahi kuniambia kuhusu wasimamizi wa matawi ya posta wa Uingereza? Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya 900 kati yao walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, kwa ushahidi uliotoka kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wengine walifungwa, wengine walilipa kutoka mifukoni mwao pesa ambazo hawakuchukua. Na sheria ya huko, kama ninavyoielewa, ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta imefanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Mtu wa kaunta atauonyeshaje ubovu wa mfumo asioruhusiwa kuutazama ndani? Ilichukua hadi mwaka 2024 bunge kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Wapo waliokuwa wameshakufa.

Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Mwanafunzi akileta jibu bila njia tunamnyima alama. Mashine ikileta jibu bila njia, mtu anaenda jela. Tumekuwa wakali kwa watoto na wapole kwa mifumo.

Hebu nikupe mfano mmoja ufanye mwenyewe, kwa sababu hivi karibuni utakuwa unawatetea watu wa namna hii. Chuo kinanunua programu ya kugundua kazi zilizonakiliwa. Muuzaji anasema ni sahihi kwa asilimia 99, na tuseme hadanganyi: wanaonakili inawanasa wote, na asiyenakili inamsingizia mara moja tu katika mia. Wanafunzi ni 1,000, walionakili ni 10. Programu inawanasa hao 10. Lakini kati ya 990 waliobaki, asilimia moja ni karibu 10 pia. Kwa hiyo mbele ya kamati wanasimama watu 20, na nusu yao hawana kosa. Niliwauliza wenzangu wanne uwezekano kwamba aliyenaswa ana kosa. Watatu walisema asilimia 99. Ni wanafunzi wa hisabati hao, sembuse wajumbe wa kamati.

Ndiyo maana sikubaliani nawe. Kalkulasi nitakubali tuachiwe sisi tunaoipenda, sina ugomvi. Lakini asilimia, sampuli, uwezekano, na ile tabia ya kuuliza "asilimia 99 ya nini?" ni vya hakimu, muuguzi, mwandishi wa habari, mzazi. Kwa wasiokuwa navyo, namba iliyotoka kwenye kompyuta inageuka kuwa amri.

Shule tunazozijua hazifundishi hivyo, hilo nakupa. Zinakimbiza silabasi. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana dakika ya kumuuliza kila mmoja alivyofika, basi anasahihisha jibu la mwisho na kusonga, na watoto wanajifunza kwamba kinachotakiwa ni jibu la mwisho. Ningekuwa na uwezo ningepunguza maswali kumi yawe matatu, na muda uliobaki mtoto asimame awaeleze wenzake, nao wambishie. Kama mashine inataka kumsaidia mwalimu, imwondolee mzigo wa kusahihisha na kujaza fomu, apate nafasi ya kusikia habari za penalti. Inaniuma kuona fedha nyingi zikienda kwenye vifaa, halafu hakuna anayejali muda wa mwalimu wa kumsikiliza mtoto mmoja.

Mdogo wangu anaendelea vizuri. Ameanza kunisumbua: nikimwambia namwachia nusu ya kitu, kwanza anauliza nusu ya kipi. Wiki hii aliuliza itakuwaje asili ikiwa sifuri, na bado hatujamalizana.

Nina ombi moja. Katika sheria unayoisoma wewe, mtu akikataliwa kazi, mkopo au nafasi ya chuo na mfumo wa kompyuta, mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani? Ana haki ya kuona ilivyofikia uamuzi, au anaonyeshwa uamuzi tu? Ninataka kuandika utafiti wangu wa mwisho kuhusu programu zinazoweza kueleza sababu za majibu yake, na bila kujua mahakama inahitaji maelezo ya aina gani nitakuwa napapasa gizani. Niandikie kwa kirefu, na uniwekee hatua zote, hata zile unazoona ni za wazi. Kwenye karatasi ya pili nimekuachia nafasi ya kuchora ule mraba.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.