Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula wa kwanza, mchezo wa Kidato cha Tatu, na yale maji

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Bagamoyo.

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na asiye na salamu katika hizo mbili, habari za kwako.

Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi na itafunguliwa Jumanne tarehe 8 Julai, si Jumatano, wala si wiki inayofuata baada ya harusi ya shangazi. Ripoti inachukuliwa na mzazi au mlezi mwenyewe. Kijana wa bodaboda hatapewa.

Nianze na jambo tamu, maana machungu yapo mengi huko chini.

Mliokuwepo Jumamosi ile pale chini ya mwembe hamna haja ya kusimuliwa. Mliotuma salamu kwamba mko njiani, na mpaka leo mko njiani, someni mjue mlichokosa. Kidato cha Tatu wamecheza *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein mwanzo hadi mwisho, bila karatasi mkononi, mbele ya watu waliojaa mpaka wengine wakapanda ukuta.

Mtakumbuka mwezi wa pili baadhi yenu mlikuja ofisini kulalamika. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nimemleta mwanangu asome, sikumleta awe Bongo Muvi." Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwomba asubiri. Siku ya mchezo alikaa mstari wa mbele akifuta macho kwa ncha ya kanga. Sitamtaja.

Tamthiliya imo kwenye mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Nne, hilo mnalijua. Lakini kwa miaka mingi tumeifundisha kama orodha ya dawa: mwandishi nani, dhamira ngapi, mhusika mkuu ana sifa zipi. Andika, kariri, sahau. Mtoto anajaza kurasa mbili juu ya mchezo ambao hajawahi kusikia hata mstari wake mmoja ukitamkwa kwa sauti. Mwaka huu mwalimu wetu wa Kiswahili alikataa. Alisema huwezi kumfundisha mtu kuogelea kwa kumsomea habari za bahari.

Akaanzia mbali, Ugiriki. Aliwapeleka kwenye ule mteremko nyuma ya jiko, akawaketisha safu kwa safu wakitazama chini, yeye akasimama bondeni na kuanza kusema. Akawaambia hivi ndivyo walivyokaa watu wa Athens karibu miaka 2,500 iliyopita, ubavuni mwa mlima wa Acropolis, katika sikukuu za mungu wao Dionysus. Akatoa watoto kumi na watano wawe kundi la kuitikia, nao hawakuhitaji kufundishwa, kwani nani hapa Bagamoyo hajui kuitikia ngoma? Akamsimamisha mwigizaji mmoja, akasema maneno yake. Akaongeza wa pili, mabishano yakapatikana. Akamleta wa tatu, akasema huyu ndiye aliyeongezwa na Sophocles, mtunzi wa michezo wa Athens. Hapo mtoto mmoja wa nyuma akadakia, "Kumbe ndipo umbea ulipoanzia!" Darasa likavunjika kwa kicheko, lakini niwaambie ukweli, sijawahi kusikia mtu akieleza kazi ya mwigizaji wa tatu vizuri kuliko hivyo. Wawili wakisema, yupo wa kusikia na kwenda kuharibu. Wakavaa vinyago vya maboksi ya sabuni, wakasoma vipande vya *Mfalme Edipode*, mchezo wa huyo huyo Sophocles, kwa Kiswahili, tafsiri ya Samuel Mushi. Mpishi wetu aliacha makande yakaungua siku hiyo. Nilimsamehe.

Kutoka huko wakaenda London kwa Shakespeare, na ukumbi wa Globe uliojengwa mwaka 1599 ukiwa na paa la nyasi. Mwaka 1613 walipiga mzinga katikati ya mchezo kunogesha mambo, cheche zikashika paa, ukumbi ukateketea. Watoto wakauliza kama ni kweli. Wazee wa hapa hamhitaji kuuliza, mnakumbuka wenyewe ukumbi wa Chuo cha Sanaa ulivyoungua mwaka 2002.

Kisha wakasoma habari za Mwalimu Nyerere, aliyemtia Shakespeare katika Kiswahili: *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963, *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mtu ana nchi changa mabegani, na bado alipata muda wa kukaa na kutafuta neno la Kiswahili litakalobeba hasira ya Shylock, yule mkopeshaji wa *Mabepari wa Venisi*. Nalitaja hili kwa ajili ya wale mnaoshindwa kupata dakika tatu za kusaini daftari la mazoezi.

Nyumbani ndiko tulikokaa zaidi. Walitembea kwa miguu hadi TaSUBa, ambayo sisi tuliozeeka hapa tunaendelea kuiita Chuo cha Sanaa, chuo kilichoanza mwaka 1981. Watoto wengi wamezaliwa hatua mia mbili kutoka pale na hawakuwahi kuvuka geti. Walijifunza kwamba mwigizaji hupumua kabla ya kusema, na kwamba sauti hutoka tumboni. Walighani ngonjera kama zilivyoenea enzi za Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha, watu wawili wakibishana kwa beti, na kila mmoja akaona kwamba huo nao ni mchezo wa jukwaani. Walisoma habari za Penina Muhando, mwanamke aliyeandika *Hatia* mwaka 1972 na hakuacha. Wasichana wa Kidato cha Tatu walimpenda mno. Mmoja aliniuliza kwa nini siku zote nawataja waandishi wa kiume kwanza. Sikuwa na jibu, na naona nimerudia kosa lile lile katika barua hii.

Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akaitoa *Kinjeketile* mwaka 1969. Mchezo wenyewe ni wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa kusini walipopigana na Mjerumani wakiamini kwamba maji waliyopewa na Kinjeketile yatawakinga na risasi. Lakini hauanzi na mkuki wala bunduki. Unaanza na wanawake wanaozungumzia njaa, kwa sababu waume zao wamekamatwa kulima pamba ya Mjerumani na mashamba ya chakula yamelala. Wasichana wetu wawili walikaa chini wakaanza kuongea taratibu tu, na uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto wachanga. Na mwisho, Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo ili pengine apone, naye anakataa. Kijana aliyecheza sehemu hiyo ni yule yule ambaye mwaka jana alishindwa kusoma tangazo paredi akalia. Tunaishi mji ambao Mjerumani aliufanya makao yake makuu, na pale ufukweni papo mahali walipowanyongea watu. Tunapapita kila siku tukienda kununua samaki. Baada ya mchezo wapo watoto walioniambia sasa wanapapita kimya.

Matokeo ya mitihani ya ndani: Kiswahili kimepanda, Hesabu imelala pale pale. Sare: kandambili si viatu.

Sasa yale maji.

Jumatatu baada ya mchezo, siku mbili kabla ya mitihani, wavulana wanne wa Kidato cha Tatu walikusanya chupa zilizotumika jukwaani, wakazijaza maji kwenye tangi la nyuma ya vyoo, wakazifunga uzi mwekundu shingoni na kuwauzia Kidato cha Kwanza kwa shilingi 500 kila moja. Maji ya Hesabu, ndivyo walivyoyaita. Unakunywa nusu, nusu unanawa uso, kisha usifungue daftari, maana ukifungua yanapoteza nguvu. Masharti hayo waliyatunga wenyewe. Mtoto mmoja aliyashika sawasawa, siku mbili hakugusa kitabu, akapata 9 kwa 100. Wengine watatu waliharisha na mmoja alilazwa usiku kucha. Hili si jambo la kucheka, ingawa najua wapo wanaolicheka barazani.

Lililoniuma ni nyinyi. Niliwaita wazazi wa wale wanne. Wawili walikuja. Mmoja aliniletea "mjomba" ambaye mtoto mwenyewe hakumjua jina. Wa nne alituma ujumbe kwamba watoto wamecheza tu, na isitoshe ni sisi walimu tuliowafundisha mambo ya maji. Na nimethibitisha kwamba mzazi mmoja, mtu mzima, alimpa mtoto wake shilingi elfu moja anunue mbili, yake na ya mdogo wake.

Nijibu hilo la kwamba tuliwafundisha sisi. Tuliwafundisha mchezo. Katika mchezo ule maji yaliwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya, na yule aliyewapa aliwataka wasubiri, wajiandae, wajifunze vita kwanza. Hawakusubiri. Alikosa usingizi kwa hofu ya neno alilolizaa. Ndilo somo mwalimu wa Kiswahili alilofundisha wiki sita, na nililisikia kwa masikio yangu nikiwa dirishani. Wanetu wakachukua chupa wakaacha somo. Kinjeketile hakuuza hata tone.

Wale wanne wamesimamishwa siku kumi na nne, wamerudisha fedha zote mbele ya paredi, na wamesugua tangi. Watakaporudi, kila mmoja aje na mzazi aliye kwenye fomu ya kujiunga, nina picha zenu. Na kila mmoja aje na insha ya kurasa tatu inayoeleza kwa nini Kinjeketile alitaka watu wangoje. Nitaisoma mwenyewe, na nitajua kama imeandikwa na dada yake.

Utoro. Mazoezi ya mchezo yalikuwa Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na moja. Basi. Mtoto aliyekwambia ana mazoezi Jumatano asubuhi alikuwa mnadani anabeba ndoo za samaki, na baadhi yenu mlimwona pale mkampa ndoo. Wapo pia wasichana waliokosa wiki nzima kwa sababu ya kigodoro cha jirani. Si harusi ya kwao, ya jirani! Majina nimeshayapeleka kwa mtendaji wa kata, na safari hii sitayafuata kuyaondoa.

Mchango wa chakula. Tulikaa kikao mwezi wa kwanza, mkakubaliana wenyewe kiasi, mkanyoosha mikono, muhtasari upo na sahihi zenu zipo. Zaidi ya nusu hamjatoa hata senti. Naambiwa elimu ni bila ada. Ni kweli, lakini hakuna waraka uliosema sufuria litachemka lenyewe. Mahindi na maharage tumekopa kwa mfanyabiashara mmoja mwenye huruma, na huruma yake imefika mwisho. Siku ya mchezo nilisimama kando ya jukwaa nikiwatazama wadaiwa wangu wameinua simu za bei, wanarekodi. Video ni nzuri, nimeziona. Asiyeweza kabisa aje aniambie ana kwa ana, tutaelewana kama tulivyoelewana na wengine, na halitatoka nje ya ofisi. Anayeweza na hataki, mwisho ni tarehe 8 Julai, risiti mkononi, getini.

Muhula ujao Kidato cha Tatu wanaingia kwa Penina Muhando, na safari hii wasichana ndio watakaochagua mchezo. Mwenye kaniki, mkeka wa zamani au taa ya chemli alete. Chupa tupu msituletee.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule