Manta si nyenga, asiandikwe "taa" tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Hapa Tanga neno "taa" limebebeshwa samaki wengi mno. Nyenga ni taa, pungu ni taa, na manta naye, yule mkubwa wa mabawa mapana, akifikishwa diko, pale samaki wanapoteremshwa, huandikwa taa, zikafuatia kilo, basi. Ni samaki tofauti kabisa, na tofauti yenyewe ndiyo inayomuua manta.

Nyenga hukaa juu ya mchanga. Nyuma ya macho ana matundu mawili ya kuvutia maji, kwa hiyo anaweza kulala kimya na bado akapumua. Manta hawezi. Maji hupita kwenye matamvua yake pale tu anapoogelea kwenda mbele, mchana na usiku. Ndiyo maana jarife, wavu wa macho makubwa, likitegwa jioni na kuvutwa alfajiri, nyenga huwa bado anapiga mkia ilhali manta ameshakufa. Huwa amekosa pumzi humo humo ndani ya maji, na mara nyingi kilichonaswa ni yale "mapembe" mawili tu. Kwa kweli si pembe bali ni mapezi ya kichwani: akisafiri huyakunja kama mkeka, akila huyakunjua yaelekeze maji mdomoni. Chakula chake ni planktoni, vijidudu vinavyoelea. Meno yake ni madogo sana, yako taya la chini tu, na hatafuni nayo kitu.

Mwiba hana. Manta wa bahari kuu ana kinundu kigumu tu kwenye shina la mkia. Ila tahadhari: wako jamaa zake wadogo wenye mapezi kama hayo, na baadhi yao wana mwiba. Tazama mdomo. Wa manta uko mbele kabisa, wa hao wengine uko upande wa chini.

Katika Bahari ya Hindi manta ni wa aina mbili, zilizotenganishwa na wanasayansi mwaka 2009. Mobula birostris, huyo wa bahari kuu, hufikia mita 7 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, karibu pima nne. Mobula alfredi, wa miambani, kwa kawaida ni mita 3 hadi 4. Mgongoni, weusi ulio kati ya mabaka meupe huchora T kwa birostris, na Y kwa alfredi. Tumboni, alfredi ana madoa hata katikati ya nyufa za matamvua; ya birostris hukusanyika chini zaidi. Madoa hayo hayafanani kwa manta wawili, kama vile alama za vidole vyetu.

Akikutwa hai, nyavu zikatwe angali majini, kuanzia kwenye mapezi ya kichwa. Asipandishwe chomboni ikiwa inaepukika: hana mbavu, ni gegedu tupu, na nje ya maji uzito wake mwenyewe hukandamiza viungo vya ndani. Mdogo anaweza kubebwa na watu wawili au watatu kwa kushika kingo za mabawa. Kulabu hapana, kumvuta mkia hapana, na kutia mkono kwenye matamvua ndiko kubaya kuliko yote, kwa kuwa kuta zake huchanika upesi.

Kwa nini kujisumbua? Piga hesabu. Jike hubeba mimba kama mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja, mara chache wawili, aliyekunjwa mabawa, mwenye upana wa zaidi ya mita moja. Hupumzika miaka miwili hadi mitano kabla ya kuzaa tena. Akianza akiwa na miaka 10, akaishi 40, akazaa kila baada ya mitatu, ni watoto kumi maishani. Nguru hutaga mayai kwa maelfu katika msimu mmoja.

Ombi langu kwa mabwana samaki, kuanzia Mkinga hadi Kipumbwi, ni dogo: mstari mmoja wa manta kwenye daftari. Upana wa mabawa; jinsia, maana dume ana viungo viwili kama vidole chini ya shina la mkia; na picha ya tumbo kwa simu, kabla hajakatwa vipande.

Msomaji wako,
Sahare, Tanga