Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watunza Bustani, Tabora Mjini

Ndugu wanachama wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaokwisha. Hesabu atazisoma mweka hazina nami sitamwingilia, ila niseme tu kwamba deni la mipira ya maji tuliyonunua kwa pamoja limekwisha kulipwa, na kwamba wasiolipa ada wanajulikana. Baadhi yao wamewahi viti vya mbele.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu ni majani makavu. Wateja wengi waliotuita, hasa wenye nyumba mpya, hawakutaka kupandiwa kitu bali kuondolewa. Mwembe unapukutisha majani, embe zinaangukia gari, popo wanachafua ukuta, basi mwembe ukatwe na ua wote utandikwe pevingi. Kazi hiyo tumeifanya, na mimi ninayewasomea taarifa hii nimeifanya pia, tena kwa malipo mazuri. Jua la Oktoba lilipoanza kupiga juu ya saruji ile, wateja walewale wakatupigia simu kuuliza ni mti gani unaokua upesi, wenye kivuli kipana, na usiodondosha hata jani moja. Mti wa namna hiyo haujafika kitaluni kwetu. Tuliwauzia miashoki, ambayo kivuli chake kinamtosha mtu mmoja akisimama wima na asigeuke.

Katika kikao cha katikati ya mwaka, mwanachama mmoja alitoa hoja kwamba tukatae kabisa kukata miembe, kwa kuwa ndiyo miti ya asili ya mji huu. Hoja yenyewe niliipenda, lakini sababu yake haikusimama. Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini. Ulivuka bahari hadi pwani, kisha ukaifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, eneo letu hili, hadi Ujiji, na reli ilipofika hapa mwaka 1912 iliukuta umekwisha kuwa mwenyeji. Mjakaranda nao umetoka Amerika ya Kusini, mkrismasi Madagaska, mwarobaini na mjohoro Asia. Tukiifukuza miti yote ambayo babu zake hawakuzaliwa hapa, barabara zetu zitabaki na nguzo za umeme, na hizo nazo nyingine ni za mkaratusi, mgeni wa kutoka Australia. Tulikubaliana kwamba kila mwanachama, kabla ya kushika shoka, amweleze mwenye nyumba kwamba kupogolea matawi yaliyoelekea kwenye maegesho ni nafuu kuliko kuung'oa mti mzima. Wawili kati ya wateja wangu walikubali. Wa tatu alimwita fundi mwingine, ambaye sitamtaja kwa kuwa yumo humu.

Kuhusu miti iliyo ya asili kweli, tulijaribu kuuza miche ya mninga, na hapo ndipo tulipopata malalamiko mengi zaidi. Lazima nikiri kwamba kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukumweleza mnunuzi tabia ya mti huo. Mche wa mninga, kiangazi kinapoingia, hukauka juu mpaka ukabaki kijiti, huku mzizi wake ukiendelea kunenepa chini. Mvua zikirudi huchipua upya, na huweza kurudia hivyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuamua kusimama. Mteja aliyezoea ukoka unaoletwa kwa kipande na kutandikwa kama zulia hawezi kuuvumilia mti unaojifanya umekufa kila mwaka. Tumerudisha fedha za watu watano, na mmoja wao aliturudishia na mche, ambao Novemba ulichipua mikononi mwetu.

Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria yamebadilisha kazi yetu kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Tulipokuwa tukitegemea bwawa la Igombe na visima, bustani ililala tangu Juni hadi mvua za Novemba, nasi tukalala nayo. Sasa mteja anataka ukoka wa kijani mwezi wa Septemba, wakati miombo yote nje ya mji imekwisha kupukutika na baadhi yake inatoa majani mapya mekundu bila kumwagiliwa na mtu. Ukoka huo unapokunywa maji, gugu la ndago nalo linakunywa, na pamoja nalo wamekuja vyura, ambao mteja mmoja wa Isevya alitutaka tuwanyamazishe usiku. Nilimjibu kwamba huduma hiyo haimo katika orodha yetu ya bei.

Liko pia suala la nyuki. Mkoa huu unasifika nchi nzima kwa asali, lakini kundi lilipotua kwenye kisanduku cha mita ya umeme cha nyumba mojawapo, jambo la kwanza tuliloombwa lilikuwa dawa ya kupuliza. Tulimleta mzee mrina asali, akawahamisha jioni ile kwa moshi na mzinga wa gogo, na mwenye nyumba akauliza kama anaweza kupata gawio la asali. Napendekeza mkutano huu uidhinishe mzee huyo alipwe kwa utaratibu maalumu, kwa sababu kwa mwaka mzima ndiye pekee aliyeondoa kitu kwenye ua wa mtu bila kukiua.

Mapendekezo yangu kwa mwaka ujao ni mawili. Kila mnunuzi wa mche apewe maelezo ya maandishi yanayosema mti wake utapukutisha nini na mwezi gani. La pili, anayetandika pevingi aache duara la udongo kulizunguka shina, lenye upana usiopungua hatua moja, hata kama mteja ataliona kama kazi iliyoachwa nusu.

Miche ya mninga iliyosalia imepangwa nyuma ya kitalu, upande wa uzio wa michongoma. Mwanachama atakayekuta vijiti vikavu kwenye viriba asivitupe, vinamwagiliwa.

Mwenyekiti