Mama alianguka, sasa kaka hataki anyanyuke kitandani

Daktari, pamoja na wasomaji wenzangu, salaam.

Naandika kutoka Muheza, mkoani Tanga. Naishi na mama yetu mzazi, ana miaka 76, ana presha ya siku nyingi na mtoto wa jicho upande wa kushoto. Kabla ya masika alikuwa anafua kanga zake mwenyewe, anakuna nazi, na akialikwa shughuli mtaa wa pili anakwenda kwa miguu. Usiku mmoja wa mvua akateleza akitoka chooni. Choo chetu kiko uani, na pale kando ya tangi la maji saruji ilikuwa imeota ukoga. Kandambili zake nazo zimelika soli. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa, ndani hatukusikia kitu. Alilala pale kwenye maji mpaka jirani aliyekuwa anakwenda swala ya alfajiri akasikia mtu anaguna nyuma ya ukuta.

Hospitali walimpiga picha, nyonga ikaonekana nzima. Paja lilivimba, kiwiko kikachubuka, basi. Tulimshukuru Mungu, na mimi nikadhani yameisha.

Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam. Ndiye anayelipia karibu kila kitu, na kauli yake nyumbani ni nzito, sina kinyongo na hilo. Ameagiza mama asinyanyuke. Ameajiri dada wa kazi, chakula kinaletwa kitandani, ameleta na nepi za watu wazima, na kiti cha magurudumu kinafuata. Kwenye kundi letu la familia ametuma taarifa ya Shirika la Afya Duniani kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni wazee wa zaidi ya miaka 60. Takwimu hizo sizibishii. Ninachobisha ni dawa aliyoichagua.

Wiki za mwanzo mama alilala kwa sababu ya maumivu, hilo naelewa. Maumivu yakaisha, kulala kukabaki. Mapaja yamenywea, ukimsaidia kujifunga kanga unaona kabisa kuwa nguo imekuwa kubwa. Akisimama magoti yanatetemeka, anapapasa ukuta, anasema kichwa chepesi. Hapo hapo dada wa kazi, ambaye ameambiwa mama akianguka tena kazi hana, anamrudisha kitandani mbio. Kwa hiyo kesho anasimama akiwa dhaifu kuliko leo. Naona kitanda hicho ndicho kinachotuandalia anguko la pili, ila kila nikisema naonekana sina huruma na mama.

Niliomba tuonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tukapita dirisha la wazee, hatukusumbuka na foleni. Kwanza wakampima presha amelala, ya juu ikasoma 148. Wakamsimamisha, baada ya dakika chache ikawa 121. Daktari akasema kizunguzungu kinatoka hapo. Akaihamisha ile dawa ya kukojoza kutoka jioni hadi asubuhi, na safari za usiku za chooni zimepungua. Sasa mama akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anachezesha vifundo vya miguu, ndipo anainuka. Fimbo ameambiwa aishike mkono wa kushoto kwa kuwa mguu wenye shida ni wa kulia. Kila mgeni anayeingia humu anamwambia abadilishe mkono! Nimechoka kueleza.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuinuka kutoka chini nako kunafundishwa. Yule mtaalamu alitandika mkeka akamlaza mama. Akamwambia ukianguka usikurupuke, tulia, vuta pumzi, jikague. Nyonga ikiuma sana, au mguu umepinda, au umegonga kichwa, usijaribu kusimama, ita watu na ujifunike usipate baridi. Kama uko salama, geuka ubavu, jisukume kwa mikono hadi upige magoti, tambaa mpaka kwenye kiti kizito kisichoteleza. Weka viganja juu ya kiti, tanguliza mguu wenye nguvu, jisukume taratibu, halafu geuka ukae. Mama aliweza, tukiwa tumemshika kidogo tu. Akacheka, "Kumbe ni kama kuinuka kwenye sijda!" Nilirekodi nikatuma kwenye kundi. Kaka akapiga simu kwa hasira: mnamlaza mama chini, mna akili?

Uani tumesharekebisha, na gharama alitoa yeye bila neno. Fundi amechimbua ile saruji akamwaga nyingine ya kukwaruza, kuna bomba la kushikilia hadi mlangoni mwa choo, na taa ya sola. Hapo hatugombani. Tunagombana kama mama apite hapo kwa miguu yake au asipite.

Na mama mwenyewe ana lake. Juzi mtoto wa jirani lilimponyoka neno kwamba bibi alianguka tena, jikoni, dada wa kazi alipokwenda sokoni. Alimwapisha mtoto asiseme, kwa sababu "wakijua watanipeleka Dar." Nilimwuliza kwa upole, akakana kabisa. Hili linanitisha kuliko lile la uani. Siku akigonga kichwa akanyamaza, tutajuaje? Nilimnunulia filimbi ya kuvaa shingoni ili apulize akihitaji msaada. Amempa mjukuu, sasa nyumba nzima hatupumui.

Naomba ushauri wenu. Daktari, mama aliyefikia udhaifu huu aanze kutembea kwa kiasi gani kwa siku, na kuna mazoezi gani ya miguu anayoweza kuyafanya ameshika meza bila hatari? Mliouguza wazazi, mlifanyaje mpaka mzee akaacha kuficha akianguka? Na kaka nimwingie vipi? Mimi ni kitinda mimba, nikimjibu mbele ya wenzetu itakuwa utovu wa adabu, na faraghani ananiambia hela za matibabu ya nyonga iliyovunjika ninazo mimi? Nawaza nimwombe yule mtaalamu azungumze naye kwa simu, lakini naogopa ataona nimemshtaki kwa watu wa nje. Shangazi angefaa, ila na yeye anaamini mzee ni wa kupumzishwa.

Kaka anakuja mwisho wa mwezi na hicho kiti cha magurudumu. Nitashukuru nikipata majibu kabla hajafika.

Wenu,
Binti wa mwisho, Muheza