Kabla hujanunua mashine ya kutikisa vyuma, jua kwanza unasafisha chuma gani

Mhariri,

Salaam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa hapa Mombasa, wa Changamwe, Shimanzi, Jomvu, mpaka ng'ambo kule Likoni na Mtongwe, na pia niseme na wale wanaotuuzia mashine, sababu kuna pesa za watu zinapotea na zinapotea kwa kitu ambacho muuzaji angeweza kukieleza pale pale kabla hajapokea hata shilingi.

Nasema kuhusu hizi mashine za kutikisa vyuma, zile za kuondoa makali na kung'arisha. Zamani ulikuwa unaziona viwanda vikubwa tu, saa hizi zinashuka bandarini kwa kontena pamoja na mitumba mingine ya karakana na vijana wa jua kali wanazinunua. Kwa asiyeijua, ni bakuli kubwa limekalia springi, ndani lina bitana ya mpira mgumu wa poliurethani, chini yake kuna mota yenye vyuma vizito vilivyofungwa upande mmoja wa shafti, sasa mota ikizunguka bakuli lote linatetemeka, wewe unatia vipande vyako pamoja na vijiwe vya kusugulia na maji na dawa, vyote vinazunguka polepole vikisuguana na vijiwe vinakula yale makali yaliyobaki ulipokata au kutoboa. Kazi ambayo kijana angeshinda nayo na msasa na faili kutwa nzima akipumua vumbi, bakuli linaimaliza kwa saa mbili tatu na vipande mia vinatoka sawasawa. Ni mashine nzuri na mimi nataka karakana nyingi ziwe nayo.

Shida ni vile inavyouzwa. Kuna muuzaji hapa mjini, jina naliacha, aliuzia kikundi cha vijana ninaowajua bakuli moja na magunia ya vijiwe vya aina moja akawaambia hiyo inafanya chuma chochote, alumini, stenlesi, shaba, tieni tu. Hawa vijana wanamimina vifaa vya boti vya alumini, kleati za kufungia kamba na vishikio vya milango, alumini ya skrepu wanaiyeyusha wenyewe. Wakatia mzigo wao wa kwanza na vile vijiwe, vya siramiki, vya pembe tatu, vikubwa na vikali. Mimi nilikishika mkononi kimoja kilivyotoka. Ubapa wote umejaa vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, rangi imekuwa kijivu cheusi, na ukipitisha kidole ukingoni unahisi makali bado yapo, hayakukatika, yamekunjwa tu kwa ndani. Halafu kwenye tundu la bolti kulikuwa na vijiwe viwili vimeingia vikabanana humo, ikabidi vitolewe kwa panchi na nyundo kimoja kimoja, na ukigonga hivyo alumini unaipasua. Mzigo mzima ukarudi kwenye tanuri. Pesa ya mashine ilikuwa mkopo wa chama, na chama hakikuulizi vijiwe vilikuwa vya aina gani.

Kwa hivyo neno langu kwa kila anayefikiria kununua ni moja, anza na chuma chako, kutoka hapo nenda kwenye vijiwe na dawa, na mashine iwe ndiyo ya mwisho kuchagua. Wengi wetu tunaanza na mashine sababu ndiyo tunayoiona dukani.

Alumini ni laini na nyepesi, inataka vijiwe vya plastiki, yaani vile vya resini iliyochanganywa na unga wa kusugulia, hivi vinagonga kwa upole na vinaacha uso laini ambao unaweza kwenda nao moja kwa moja kwenye rangi au anodaizi, ile ya kuwekea alumini tabaka la kinga kwa umeme. Siramiki ndogo na laini inaweza kupita kwa kazi zingine lakini ile kubwa kali achana nayo. Dawa nayo iwe haina asidi kali wala magadi makali, sababu alumini inaliwa na vyote viwili, na kuna watu wanatia dawa za kuoshea injini zenye kostiki soda, hiyo inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Kwenye bakuli la wazi lenye hewa gesi inapotea, lakini kuna zile mashine nyingine za mapipa yanayofungwa kabisa yakazungushwa kwa kasi, humo gesi ikijaa presha inaweza kumlipukia mtu usoni akifungua. Hili muuzaji akikuficha amekukosea sana. Na ule weusi kwenye alumini mara nyingi ni maji machafu, vumbi la chuma limekaa muda mrefu ndani likarudi kujipaka juu ya kazi, maji yanatakiwa yaingie kidogo kidogo na yatoke, si kumwaga ndoo moja asubuhi ukaiacha mpaka jioni.

Chuma cha kawaida, hicho ndicho kinachopenda siramiki. Vipande vya kukata kwa plasma au leza, mabamba ya kutoboa, waya zilizokunjwa, tia siramiki na itakula vizuri. Adui yake hapa kwetu ni kutu, na mtu wa Mombasa sihitaji kumweleza, chuma kikitoka ndani ya maji kikiwa cheupe, ukienda kuswali ukarudi ushakikuta kimeanza kuwa na wekundu. Dawa lazima iwe ya kuzuia kutu na kazi ikaushwe hapo hapo. Na hili la kukausha ndilo ningependa watu walijue zaidi, sababu huko nje wanakausha kwa magunzi ya mahindi! Magunzi yaliyokauka yakapondwa na kuchekechwa, unayatia kwenye bakuli lingine, yakipashwa moto kidogo ni bora zaidi, unatia vipande vyako vyenye maji vitikisike humo, magunzi yanafyonza maji yote na kupangusa juu. Hayo yanauzwa kwa bei ya dola yakiwa kwa magunia yenye maandishi mazuri, na sisi magunzi tunayachoma jikoni. Kijana mwenye kinu cha kupondea na chekeche nzuri ana biashara hapo.

Stenlesi ni siramiki vilevile, ila ni ngumu na inachukua muda, halafu ukitaka ing'ae unaimalizia na vijiwe vya poselini visivyokata au mipira ya stenlesi, yaani gololi ndogo. Lakini jamani, usitumie vijiwe vilivyokuwa vikisugua chuma cha kawaida. Chembe za chuma zinabaki kwenye vijiwe na kujichomeka kwenye uso wa stenlesi, huzioni, inang'aa unampelekea mwenye boti anaifunga, hewa ya bahari ikiipiga siku chache madoa ya kutu yanatokea na yeye anakuja juu ati umemuuzia stenlesi feki. Stenlesi ni halali kabisa, kilichokosewa ni vijiwe. Karakana inayofanya vyote viwili iwe na vijiwe mbalimbali vya kila chuma, kila kimoja na pipa lake na alama yake, na bakuli lisafishwe kabisa kabla ya kubadilisha.

Shaba, na hapa nawaambia ndugu zangu wa Mji wa Kale na wanaotengeneza milango, ile misumari na vipini na pete za milango vilivyo vizito vinafaa sana kwa mashine, anza na plastiki au siramiki laini kuondoa alama za kumimina, ndipo umalizie na mipira ya stenlesi na sabuni, mipira haikati kitu bali inaugandamiza uso mpaka unang'aa. Lakini dele la kahawa au birika jembamba la bati la shaba usilitie, lina uwazi ndani na ukuta mwembamba, litapigwa mabonde. Hayo yabaki kwa mikono ya mafundi wanaoyajua.

Na vijiwe si aina tu, ni umbo na ukubwa pia. Kijiwe kiwe kidogo sana kuliko tundu kipite bila kusita, au kikubwa kisiingie kabisa, kile kinachokaribiana na tundu ndicho kinachokwama, na ukumbuke vijiwe vinalika kila siku kwa hivyo kilichokuwa kikubwa mwaka huu mwakani kinaingia. Chekecha. Kipimo cha kawaida ni vijiwe sehemu tatu kwa sehemu moja ya kazi kwa ujazo, kazi laini au ya kung'arisha ongeza mpaka tano au zaidi ili vipande visigongane vyenyewe kwa vyenyewe.

Ukishajua hayo ndiyo uende kwa mashine, na cha kwanza uangalie uzito. Lita moja ya vijiwe vya plastiki ni kama kilo moja, ya siramiki ni kama kilo moja na nusu, lakini ya mipira ya chuma ni karibu kilo tano. Bakuli la lita 100 lililotengenezwa kwa siramiki linabeba kama kilo 150, ukilijaza mipira ya chuma umelitwisha karibu kilo 500, springi zinalala, beringi zinakufa, bitana inapasuka. Mwenye kazi ya shaba na stenlesi ya kung'arisha aulize waziwazi kama mashine ni ya kubeba chuma, na ajibiwe kwa maandishi.

Cha pili ni stima, na hapa mitumba kutoka Marekani inatuumiza kimya kimya. Kule stima yao ni hezi 60, yaani inapiga mara 60 kwa sekunde, yetu ni 50. Mota iliyoandikwa mizunguko 1,750 kwa dakika, hapa itazunguka kama 1,450, na kwa vile nguvu ya mtikiso inafuata mraba wa kasi, inapungua kwa kama asilimia 30. Mashine inawaka, inanguruma, muuzaji anakuonyesha inatikisika, unaichukua kumbe haina nguvu ya kuzungusha mzigo, vijiwe vinacheza pale pale na kazi haigeuki. Angalia kibandiko cha mota kabla ya kulipa. Inarekebishika, kuna invata, vile vifaa vya kubadilisha hezi za stima, za kuirudisha kwenye hezi 60 na kuna kuongeza vile vyuma vizito vya shafti kwa kipimo, ila bei ya marekebisho ikatwe kwenye bei ya mashine, isiwe juu yako.

Umbo la mashine ni rahisi, vipande vidogo vingi vinataka bakuli la duara, lina mlango wa kuchekechea kazi itoke vijiwe vibaki, vitu virefu kama shafti na vyuma vya reli za boti vinataka lile refu kama hori. Mwenye kazi kidogo na asiye na haraka hata pipa la kuzungusha linamtosha, litachukua usiku kucha lakini ni rahisi na linatengenezwa hapa hapa na welda mzuri. Na mashine yoyote kati ya hizi haiondoi mkwaruzo mzito wa grainda wala ule mkia wa kumimina, hivyo unaviondoa kwanza kwa mkono.

Bwana Mhariri, kuna maji pia. Yale maji ya kijivu yanayotoka yana unga wa chuma na dawa, na nshaona karakana inayamwaga mtaroni, na mitaro yetu unajua inaishia wapi, Tudor, Port Reitz, kwenye mikoko ambako samaki wanazalia. Shaba kwenye maji ni sumu kwa viumbe wa baharini hata ikiwa kidogo. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza na NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wanaweza kukufungia, lakini hata bila ya NEMA watoto wa mtu wanaogelea pale. Mapipa mawili matatu ya kutuliza maji si gharama, tope linakaa chini unalihifadhi linachukuliwa na wenye leseni, maji ya juu yanachujwa.

Ninachoomba ni hiki. Wauzaji, mruhusu mteja alete vipande vyake mwenyewe, chuma chake mwenyewe, vitiwe kwenye mashine mbele yake kabla hajalipa, na mashine iuzwe na karatasi inayosema ni ya vijiwe gani na uzito gani. Vyuo vyetu vya ufundi hapa Mombasa, nunueni bakuli moja dogo na vijiwe vya kila aina, fundi alete kazi yake alipe ada ndogo ajaribiwe na aandikiwe matokeo, dawa gani, saa ngapi, vijiwe gani, na wanafunzi wapate kujifunzia hapo hapo. Na kaunti, mnapowapa vikundi vya vijana pesa za mashine, mulizeni mtu wa karakana kabla ya kutia sahihi, na ile bajeti iwe na vijiwe, dawa na mapipa ya maji machafu ndani yake, si mashine peke yake. Kile kikundi nilichokitaja bado kina deni na bado kina bakuli zima kabisa, kinachowakosesha kazi ni magunia machache ya vijiwe vya plastiki ambavyo hapa mjini wamevitafuta hawakuvipata, na mwenye navyo ajitokeze awauzie kwa bei ya haki.

Ni mimi,
Fundi wa mashine,
Changamwe, Mombasa