Mjomba alikuwa wa bendi gani

Chikongola, Mtwara

Mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma. Sisi huku wazima. Bibi yako magoti bado yanamsumbua, ila anakula. Arobaini ya mjomba wako tumeisoma Ijumaa, watu wakajaa mpaka barabarani, na chakula kikatosha, alhamdulillahi.

Siku ile nakusindikiza stendi uliniuliza, "Mama, hivi mjomba alikuwa wa bendi gani?" Basi likaondoka sijakujibu. Swali hilo nimekaa nalo msiba mzima.

Mjomba wako alikuwa mtu wa deiwaka. Nyinyi mnalijua neno hilo kwa madereva wa daladala. Kwenye muziki wa dansi, deiwaka ni yule anayeitwa bendi ikipungukiwa mtu: mpiga besi ana malaria, mpiga drams kagombana na kiongozi, na shoo ni leo usiku. Anafuatwa nyumbani, anavaa shati, anakwenda. Asubuhi anapewa posho yake kutoka hela ya mlangoni, anarudi kulala. Kaka yangu aliishi hivyo zaidi ya miaka thelathini. Alipiga besi, rizimu, tumba, drams, na baadaye kinanda. Saksafoni aliijua kiasi tu, siwezi kumsifu kupita haki yake. Aliyemhusudu ni King Michael Enoch, aliyepiga gitaa Dar es Salaam Jazz, halafu tukamsikia kwenye saksafoni akiwa Mlimani Park. "Yule ndiye mwalimu," alikuwa akisema, na redio ikipiga nyimbo zao hakuna aliyeruhusiwa kuongea.

Nikusimulie usiku mmoja. Ilikuwa msimu wa korosho, watu wameuza, hela ipo, na bendi kutoka Dar zilikuwa zinakuja kwetu kufuata hela hiyo: Masasi, Newala, Tandahimba. Bendi moja ilifika Mtwara, mpiga besi wao hajiwezi kwa homa. Wakaja kwetu saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa msichana, nikalia mpaka baba akakubali nifuatane naye kwa kuwa tuna shangazi Newala.

Tulipanda nyuma ya lori pamoja na vyombo. Njia nzima, vumbi jekundu limetujaa machoni, mpiga solo alikuwa anamwimbia nyimbo kwa mdomo na mjomba wako anaminya vidole kwenye mpini wa jembe lililokuwa limelala pale. Hakuwa na karatasi. Alikuwa anauliza mambo mawili tu: wimbo unaanzia wapi, na mnaingia lini kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inapochangamka watu wacheze. Tulipomaliza kupanda mlima wa Newala alikuwa amezishika nyimbo kumi na mbili.

Usiku ule nilisimama pembeni ya jukwaa namtazama. Hakutazama watu hata mara moja. Alikuwa anatazama mguu wa mpiga drams na mdomo wa mwimbaji. Mwimbaji akisahau beti akarudia la kwanza, besi ilirudi naye pale pale, na waliokuwa wanacheza hawakujua kama kuna kosa. Karibu na alfajiri mpiga tumba alichoka, kaka akampa besi kijana wa bendi ile, akakaa kwenye tumba mpaka mwisho. Kiongozi wao alimwomba wafuatane Dar, apewe namba ya kudumu. Akakataa. Baba yetu alikuwa ameshaanza kuumwa, na mashamba yalikuwa hayana mtu. Hilo hakuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Miaka ile vifaa vilikuwa shida. Uzi wa gitaa ukikatika aliweka waya wa breki ya baiskeli. Nyuzi za besi zikichakaa kwa chumvi ya bahari alizichemsha kwenye sufuria yangu ya wali, anazikausha, zinalia upya kwa siku chache. Sufuria ile ninayo mpaka leo.

Kurekodi alikwenda mara moja. Masika ilikuwa imekata barabara, maana wakati huo Daraja la Mkapa pale Mto Rufiji bado, limefunguliwa mwaka 2003. Alisubiri meli siku nne. Huko Dar bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudi mwanzo, na walitoa nyimbo nne kwa siku moja. Kanda ilipotoka, juu yake kulikuwa na majina ya waimbaji wawili na mpiga solo. La kwake halikuwemo. Mimi nilikasirika, na mpaka leo sijaridhika. Yeye aliisikiliza mpaka mwisho akasema, "Besi imekaa vizuri," akaenda kuoga.

Sasa swali lako. Watu waliokuja arobaini walikuwa wa bendi tano au sita, na kila mmoja alikuwa anamwita "mtu wetu". Walikuwepo wazee wa taarabu wa Mikindani, vijana wa kaswida aliowafundisha kushika dufu, na mama mmoja wa kwaya kutoka Masasi ambaye kinanda chao alikipiga Krismasi mbili mfululizo. Nilipowaona wote wamekaa kwenye mkeka mmoja ndipo nilipopata jibu la kukupa: uliza yeyote kati ya wale, atakuambia alikuwa wa kwao.

Fundi wa simu hapa Bima ameihamisha ile kanda, nimekutumia. Tafuta wimbo wa pili, upande wa pili. Kabla chemko haijaanza besi inanyamaza kidogo, kama mtu anayeinua mguu kuvuka kizingiti, halafu inaingia. Mpangilio ule hakufundishwa na mtu wa bendi. Aliutoa kwenye ngoma za jando, akiwa mdogo, ile ngoma kubwa inapokatika ghafla na wachezaji wanabaki wamening'inia. Ukisikia pale, ni yeye.

Usisikilize kwa spika ya simu, mwanangu. Besi haitoki. Vaa vile vya masikioni.

Mama yako