YAH: Malalamiko kuhusu huduma baada ya upasuaji wa kope

Kwa Mkurugenzi,

Salaam. Naandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye mlimfanyia upasuaji wa kope za juu na za chini siku ya Alhamisi. Tarehe mnayo kwenye faili. Upasuaji wenyewe siulalamikii. Kovu limekaa ndani ya mkunjo wa kope, mahali pake. Ninacholalamikia ni yaliyofuata alipotoka chumba cha upasuaji, na zaidi yale ya Ijumaa saa 2 usiku kwenye dirisha lenu la mapokezi.

Alifika pale saa 34 baada ya upasuaji. Jicho la kulia lilikuwa limevimba kiasi, jambo la kawaida. La kushoto lilikuwa limefumba kabisa, kope imekuwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, maumivu yanapanda licha ya Panado, na alipolifungua kwa vidole alisema anaona taa mbili. Binti wa mapokezi, ambaye hata shikamoo hakuitoa kwa mama wa miaka 52, alidai shilingi 50,000 za kumwona daktari kwanza. Alipoambiwa kuwa marudio yamo kwenye malipo ya upasuaji, akajibu: "Mama, ukitaka uzuri sharti udhurike." Akacheka, na mlinzi naye akacheka.

Mnajua ninyi wenyewe kwa nini hilo si jambo la kucheka. Uvimbe unaolingana macho yote mawili hupungua wenyewe. Uvimbe wa upande mmoja unaokua haraka, mgumu, wenye maumivu makali na kuona vitu viwili viwili, ni damu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho hubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na una kama saa moja na nusu hadi mbili za kuokoa uwezo wa kuona. Hutokea mara chache sana, ni kweli, lakini ndiyo sababu ya kuwa na muuguzi wa zamu. Kazi yake ilikuwa ndogo: kumulika mboni kwa tochi, hata ya simu, aone kama inasinyaa, kufunika jicho zima na kumwambia mgonjwa ahesabu vidole kwa lile bovu, kugusa kope kwa ncha ya kidole. Haifiki dakika 2. Sisi tulikaa dirishani dakika 40, tukamaliza 35 nyingine kwenye foleni ya magari ya Daraja la Selander. Hesabuni wenyewe kilichobaki.

Tulikokwenda walifungua nyuzi 3 palepale, wakatoa bonge la damu iliyoganda, maumivu yakashuka kabla hata ya kumaliza kufunga bandeji. Anaona. Hilo halikutokana na ninyi.

Sasa damu hiyo ilitoka wapi? Fungueni mfuko wa dawa mliompa: diklofenaki ya miligramu 50, mara 3 kwa siku. Dawa hiyo, kama aspirini na ibuprofeni, huzuia chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoziba jeraha, kushikana, na kope ina mishipa mingi midogo iliyotoka kukatwa. Siku za mwanzo mgonjwa wa kope hupewa parasetamoli peke yake. Kabla ya upasuaji mlimuuliza kama anatumia aspirini, mkamwambia aiache siku 10. Halafu baada ya upasuaji mkampa ndugu yake aspirini!

Na karatasi yenu ya ruhusa ina mistari 4. Mmoja unasema "weka barafu". Barafu ipi, vipi, kwa muda gani? Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, na kwa saa kadhaa baada ya ganzi mgonjwa hasikii ikiungua kwa baridi. Ilitakiwa iandikwe: vipande vidogo ndani ya mfuko wa nailoni, vizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, dakika 10 hadi 15 kila saa akiwa macho, kwa saa 48, bila kukandamiza. Umeme ukikatika, na mnajua unakatika, pakiti 2 za njegere za kugandisha ndani ya kasha la baridi zinatosha kupokezana usiku mzima.

Hakuna popote palipoandikwa alale chali na mito 2 au 3. Hakuna palipoandikwa asiiname kufagia, asibebe ndoo ya lita 20, wala kwamba asujudu kwa ishara akiwa ameketi wiki ya kwanza, kwa sababu kichwa kikiwa chini shinikizo la damu usoni hupanda. Hakuna neno kuhusu machozi bandia, wakati kila mtu anajua kope zilizopunguzwa hazifungi sawasawa mwanzoni na uso wa jicho hukauka usingizini; ndiyo maana ya mafuta ya macho kabla ya kulala. Wala hamkuandika vya kuepuka: wanja na kope bandia, wiki 2. Lenzi za macho, wiki 2. Mstari wenu wa nne unamtakia mgonjwa "mwonekano mpya".

Nyuzi nazo. Siku ya 6 alikwenda kama alivyopangiwa, akaambiwa daktari amesafiri, arudi wiki ijayo. Nyuzi za nailoni kwenye kope hutolewa siku ya 5 hadi 7. Zikizidi, ngozi huota kuufuata uzi na kuacha vitundu na vipele vyeupe kama chembe za mchele, ambavyo sasa anavyo 4 upande wa kulia. Muuguzi mwenye mkasi mdogo na kibanio angezitoa kwa dakika 10. Zilitolewa siku ya 12. Na nani alikuwa dirishani siku hiyo ya 6? Binti yuleyule.

Narudia, maana yawezekana mtadhani nimetia chumvi. Mgonjwa wenu amesimama, ameshika jicho kwa kiganja, chozi lenye damu linamtiririka hadi shingoni, anasema "mwanangu, sioni vizuri." Jibu: ukitaka uzuri sharti udhurike. Mbele ya watu 6 waliokaa kwenye benchi. Kisha akageukia simu yake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba shilingi 50,000 zirudishwe, kwa kuwa hatimaye tulizilipa na daktari hakuja, pamoja na karatasi ya ruhusa iandikwe upya. Hayo yabaki. Naongeza gharama zote za hospitali ya pili, kuondolewa kwa vipele hivyo kwa gharama yenu na daktari tutakayemchagua sisi, nakala kamili ya faili, na barua ya kumwomba radhi dada yangu. Kwa hali ilivyo, na fedha ya upasuaji irudishwe yote.

Nawapa siku 7 za kazi. Siku ya 8 barua hii, picha za jicho zenye saa na tarehe, na mfuko wa dawa wenye lebo yenu vitafika Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa, muuguzi mstaafu wa wodi ya macho
Dar es Salaam